WEMBE WA KUKUNJA: ANAYEANZA ANUNUE NINI?

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maneno hayo yanafaa kukumbukwa na kila mwanamume anayekusudia kuiacha mashine ya kunyolea na kuushika wembe wa kukunja, yaani ule wembe wa vinyozi wenye ulimi mmoja mrefu unaojificha ndani ya mpini wake. Wembe huo hauna ukingo wa kumkinga mnyoaji. Kinga yake ni wepesi wa mkono, ubora wa vifaa alivyonunua, na namna anavyovitunza.

Katika pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Palma iliyo karibu na mto Ruvuma, kupitia Mocímboa da Praia, hadi kisiwa cha Ibo na mji wa Pemba, jambo hili lina uzito wa pekee. Huko hewa ya bahari ina chumvi mwaka mzima, na chuma kisichotunzwa hushika kutu upesi. Aidha, tangu mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba, 2017, askari na polisi wengi wamekaa kambini katika ukanda huo: wa Msumbiji yenyewe, wa Rwanda tangu Julai, 2021, na wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, hadi mwaka 2024. Mamia ya maelfu ya raia nao walihama makwao, na wengi wao wakarejea baadaye. Mtu anayeishi maisha ya namna hiyo hawezi kubeba sanduku zima la vifaa vya kunyolea. Tena, mahali ambapo wembe ni mmoja na nyuso ni nyingi, watu huvutika kuazimana, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Kwa hiyo anayeanza hana haja ya kununua vitu vingi. Anunue vichache, avichague kwa kufuata mahali anapoishi, na kila kinachogusa damu kiwe chake peke yake.

AINA MBILI ZA WEMBE

Nyembe za kukunja zinazouzwa ni za aina mbili, na asiyejua tofauti huweza kupoteza fedha zake. Aina ya kwanza ni wembe wa kudumu. Ulimi wake ni kipande kimoja cha feleji kilichofuliwa na kusagwa, nao hunolewa tena na tena. Ukitunzwa vema hutumika kwa miaka mingi, hata ukarithiwa na mwana au mjukuu.

Aina ya pili ni mpini wa kuwekea wembe wa kubadilishwa. Kwa sura hufanana na ule wa kwanza, lakini hauna makali yake wenyewe. Mnyoaji huchukua wembe mdogo wa kawaida wenye makali pande mbili, ule unaopatikana hata katika duka dogo la kijijini, akauvunja katikati kwa urefu wake ukiwa bado ndani ya karatasi, kisha akaipachika nusu moja katika mdomo wa mpini. Makali yakiisha, nusu hiyo hutupwa na mpya huwekwa.

Kila aina ina sifa na kasoro zake. Wembe wa kudumu ulionolewa sawasawa huteleza usoni kwa upole, maana uzito wa chuma chake humsaidia mnyoaji asitumie nguvu. Walakini unadai mkanda wa ngozi, kinoo, mahali pakavu pa kuuhifadhi, na mtu anayejua kunoa. Wembe wa kubadilishwa haudai hata kimoja kati ya hivyo, na bei yake ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba hauna huruma kwa anayekosea. Makali yake ni membamba mno, na mpini wake ni mwepesi. Mwenye mkono mzito hujikata kabla hajahisi maumivu.

Uamuzi basi hutegemea makazi. Askari aliye kambini, mvuvi anayelala chomboni, na familia iliyo safarini yafaa waanze na mpini wa wembe wa kubadilishwa. Mwenye nyumba ya kudumu, nafasi ya utulivu asubuhi, na mahali pa kufungia vitu vyake, anaweza kuanza na wembe wa kudumu. Ambaye bado hajui kama ataipenda kazi hii na aanze na ile aina ya bei nafuu. Baada ya miezi miwili au mitatu atajua kama kuna haja ya kuendelea.

Anayechagua mpini wa kubadilishia aangalie mambo matatu. Kwanza, mdomo wake ushike wembe kwa nguvu, usichezecheze. Pili, makali yatokeze kwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tatu, uweze kufunguka wote ili usafishwe, maana mabaki ya sabuni na damu hujificha katika maungo.

KUUKAGUA WEMBE WA KUDUMU

Upana wa ulimi ndio jambo la kwanza. Mafundi hupima kwa sehemu za nane za inchi, na kwa anayeanza upana wa sehemu tano za nane, yaani karibu milimita 16, ndio unaofaa. Ulimi mpana zaidi hubeba povu jingi, lakini humsumbua mgeni anapofika chini ya pua na kwenye kona ya mdomo.

La pili ni ncha. Ziko nyembe zenye ncha ya mraba, kali kama patasi, na ziko zenye ncha ya mviringo. Anayeanza achague ya mviringo bila kusita. Ncha ya mraba hufaa kuchonga mpaka wa ndevu au masharubu, lakini mkono usiozoea huchoma nayo sikio na shavu.

La tatu ni unyofu. Ulimi ulazwe juu ya kipande cha kioo bapa, ukiyumba, umepinda. Kisha ufungwe taratibu ndani ya mpini. Ulimi mzuri huingia katikati bila kugusa upande wowote, kwani unaogusa hujiharibu makali kila ufungwapo. Msumari unaounganisha ulimi na mpini nao usilegee.

Majina ya miji iliyopigwa mhuri katika chuma yana historia yake. Mjini Sheffield, Uingereza, Benjamin Huntsman alivumbua katika miaka ya 1740 njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu, na feleji hiyo safi ikawa sifa ya nyembe za mji huo. Mji wa Solingen, Ujerumani, umelindiwa jina lake kwa sheria tangu mwaka 1938, na Thiers huko Ufaransa ni mji wa wafua visu wa tangu kale. Hata hivyo, mhuri peke yake si dhamana. Wembe wa mji maarufu ukiwa na ufa, pengo katika makali, au kutu iliyochimba hadi ukingoni, haumfai mtu anayejifunza.

Kanuni hizohizo zitumike kwa wembe wa babu uliokaa sandukuni. Madoa meusi juu ya ulimi si kitu. Pengo dogo laweza kuondolewa na fundi. Ufa hauna dawa. Kama ni mpini tu uliovunjika, fundi hodari wa mbao anaweza kuutengeneza mwingine, na ukanda huu una bahati kwa hilo: wachongaji wa Kimakonde wanaujua mpingo kuliko mafundi wengi duniani, na mpingo ni mti mzito usiovimba ovyo kwa unyevu.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa na wengi. Wembe mpya mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa na makali ya kukatia karatasi, si ya kunyolea. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama umenolewa na fundi kwa ajili ya kunyoa. Kama haukunolewa, afanye hivyo kabla ya kuutia usoni. Mwanafunzi anayetumia wembe butu hawezi kujua kama kosa ni la mkono wake au la chuma. Huongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayokata ngozi.

ADUI WA PWANI NI KUTU

Feleji ya kawaida ya nyembe hunoleka kwa urahisi na hupata makali mazuri, lakini hushika kutu. Ile iliyochanganywa na kromi nyingi hustahimili kutu, ingawa kuinoa huchukua muda mrefu zaidi. Bara, mtu anaweza kuchagua apendavyo. Pwani, hasa katika miezi ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, anayeanza atafanya vema kuchagua ile inayostahimili kutu.

Iwe aina moja au nyingine, utunzaji ni uleule. Baada ya kunyoa, ulimi uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ufutwe kwa kitambaa kikavu kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali, kisha uachwe wazi kwa muda kabla ya kufungwa. Usiku upakwe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi hufaa kwa siku moja mtu akikosa mengine, lakini yakikaa huganda na kuchacha. Wembe usihifadhiwe bafuni wala ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuurudisha kwenye chuma. Kopo kavu lenye kifuniko, ndani yake mkiwa na kitambaa chenye mafuta kidogo, latosha.

Kosa moja ambalo halirekebishiki ni kuupitisha wembe motoni kwa nia ya kuua vijidudu. Makali ni membamba kuliko unywele, nayo hupata joto kwa kufumba na kufumbua. Chuma hupoteza ugumu wake, na tangu hapo wembe huo haushiki makali tena hadi sehemu iliyoungua isagwe yote.

MKANDA NA KINOO

Mwenye wembe wa kudumu hawezi kukwepa mkanda wa kunolea. Kila mara kabla ya kunyoa, ulimi hupitishwa juu ya kitambaa kigumu, kisha juu ya ngozi, ili ukingo uliojipinda kidogo unyooke tena. Mara 20 hadi 30 juu ya kitambaa na mara 40 hadi 60 juu ya ngozi ni kiasi kinachotosha. Mgongo wa wembe hutangulia na makali hufuata nyuma; anayetanguliza makali hukata ngozi ya mkanda. Wakati wa kugeuza, wembe uviringishwe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali.

Kwa kuwa kila mwanafunzi hukata mkanda wake wa kwanza, hapana haja ya kununua wa fahari. Ngozi ya ng'ombe laini, isiyopakwa rangi ya kung'aa wala kushonwa, yenye upana wa sentimita 6 hadi 8 na urefu wa karibu nusu mita, inafaa. Kwa upande wa kitambaa, askari anaweza kutumia mkanda safi wa pamba iliyofumwa, mradi usiwe na mchanga. Chembe moja ya mchanga wa ufukweni hutia pengo katika makali.

Kinoo si kitu cha kununua mwanzoni. Wembe uliokwisha nolewa na fundi, ukipitishwa mkandani kila siku, huendelea kwa miezi kadhaa. Wakati ukifika, mawe yanayohitajika ni laini mno: la namba 1000 kwa kurudisha umbo la makali, na la namba 8000 au zaidi kwa kumalizia. Jiwe la kunolea panga na jembe lisiguswe kabisa. Jiwe hilo huweza kuharibu kwa dakika moja kazi ya fundi ya saa nzima.

MAJI, SABUNI NA BRASHI

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mbali na maana yake ya kimaisha, methali hii ni sheria ya kwanza ya unyoaji. Ndevu kavu ni ngumu. Ndevu zilizoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Wakati mzuri ni baada ya kuoga.

Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingine huwa na chumvi, na maji hayo huzuia povu. Yafaa kutenga kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya bomba kwa kazi hii. Sabuni ya mche ya kufulia si ya usoni. Hukausha ngozi na kuacha mwasho. Inunuliwe sabuni ya kunyolea ya kipande, ambayo hudumu kwa miezi na haimwagiki katika begi. Povu zuri ni lenye maji ya kutosha, linalong'aa na kuteleza. Povu kavu kama pamba hupendeza kwa macho, lakini wembe hukwama ndani yake.

Brashi inahitaji swali moja kabla ya kununuliwa: nywele zake ni za mnyama gani? Brashi nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, jambo ambalo Waislamu, walio wengi miongoni mwa Wamwani wa pwani hii, hawataliridhia. Ziko za nywele za farasi, na ziko za nyuzi za kiwandani. Hizi za mwisho hukauka upesi kuliko zote, hazioti ukungu, na kwa hali ya hewa ya pwani ndizo bora.

Askari wa zamani walijifunza kwa gharama kubwa kwamba hata brashi huweza kuua. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari kadhaa wa Uingereza na Marekani walipata ugonjwa wa kimeta kutokana na brashi zilizotengenezwa kwa nywele za wanyama ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoeneza mashine ya kunyolea badala ya wembe wa kukunja: mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza kutoka kwa kampuni ya Gillette mashine 3,500,000 kwa ajili ya majeshi yake. Wembe wa kukunja ukabaki mikononi mwa vinyozi na wachache waliopenda kazi yake.

VIPELE VYA NDEVU

Wanaume wengi wa Kiafrika husumbuliwa na vipele vya kidevuni na shingoni baada ya kunyoa. Sababu yake ni umbo la nywele. Unywele uliojikunja, ukikatwa chini sana na kuachwa na ncha kali, hugeuka na kuingia tena ndani ya ngozi. Mwili nao huupinga kama unavyoupinga mwiba. Mashine zenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja huzidisha taabu hiyo, maana wembe wa kwanza huuvuta unywele na wa pili huukata chini ya uso wa ngozi.

Wembe wa kukunja una makali mamoja tu, na kwa baadhi ya watu hilo huleta nafuu. Ni lazima hata hivyo utumike kwa kiasi. Mnyoaji afuate uelekeo wa ndevu, asirudi kinyume chake. Apite mara moja tu. Anyooshe ngozi kidogo ili ilale, asiivute kwa nguvu. Ulimi ulale karibu na uso kwa pembe ya digrii 30 hivi. Wiki mbili za kwanza anyoe mashavu tu, na kidevu na shingo avimalize kwa kifaa alichokizoea.

Kama vipele haviishi, au makovu yanavimba, wembe wa aina yoyote uwekwe kando. Mashine ya kukata nywele inayoacha ndevu za urefu wa milimita moja ndiyo salama zaidi. Askari au polisi mwenye tatizo hili amwone tabibu wa kikosi chake. Kuendelea kunyoa juu ya vidonda kwa sababu ya gwaride hakuongezi unadhifu. Huongeza usaha na makovu.

KILA MTU NA WAKE

Katika mambo yote ya unyoaji, hakuna lililo zito kama hili. Wembe hukata ngozi hata pale ambapo damu haionekani. Kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini ya aina ya B huweza kupita kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Virusi vya homa ya ini B ni sugu mno: huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Wembe uliotumika Jumatatu na kufutwa kwa kitambaa waweza kuambukiza hata Jumapili. Kwa ugonjwa huo kinga ya chanjo ipo, na askari asiyejua kama amekwisha kuchanjwa aulize zahanati.

Wengine hudhani kwamba kuupangusa wembe kwa spiriti kwatosha kumhudumia mwingine. Haitoshi. Dawa ya klorini yenye nguvu ya kuua virusi hula chuma na kuharibu makali, na kuchemsha kwa muda mrefu huharibu mpini. Ndiyo maana wembe wa kudumu ni mali ya mtu mmoja, kama mswaki. Ndugu wa damu wasiazimane. Askari wa hema moja wasiazimane. Baba na mwana wasiazimane. Hata jiwe la shabu, ambalo wakazi wa pwani hulitumia kukaushia mikato midogo, lisipite uso hadi uso, kwa kuwa hugusa damu moja kwa moja.

Kwa kinyozi, iwe ana duka mjini Pemba au kiti chini ya mwembe, mpini wa wembe wa kubadilishwa ndio kifaa cha haki. Mteja ana ruhusa kudai auone wembe mpya ukitolewa katika karatasi yake mbele ya macho yake, na kinyozi mwaminifu hatachukia. Kanuni hiyo ifuatwe pia nyumbani anaponyolewa mtoto mchanga nywele za siku ya saba, na katika jando: wembe mmoja kwa mtoto mmoja, kisha utupwe.

NYUMBANI PENYE WATOTO

Kuna msemo usemao kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Ni msemo wa kuwafunza wakaidi, wala si mwongozo wa malezi. Wembe wa kukunja hufunguka kwa urahisi, na mtoto aliyemwona baba yake akiutumia hutamani kuujaribu. Uwekwe juu, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na kioo ambapo mtoto angeutafuta kwanza. Nusu za wembe zilizotumika zisitupwe jalalani zikiwa wazi, maana watoto hucheza hapo na wasafishaji hupita pekupeku. Zidondoshwe katika kopo la bati lililotobolewa tundu dogo juu, na likijaa lizikwe katika shimo refu.

Mkato ukitokea, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni na kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika kumi. Shabu ni ya mikwaruzo tu. Mkato ulioacha mdomo wazi ni wa kupelekwa kwa tabibu, ambaye ataangalia pia kama majeruhi anahitaji sindano ya pepopunda.

UTARATIBU WA KUNUNUA

Kwa aliye safarini au kambini, vifaa ni hivi: mpini mmoja wa wembe wa kubadilishwa usioshika kutu, pakiti ya nyembe za pande mbili, sabuni ya kunyolea, brashi ya nyuzi za kiwandani, kioo kidogo, na kipande cha shabu. Vyote huingia katika kopo moja.

Kwa aliyetulia nyumbani, badala ya mpini huo aweke wembe wa kudumu wa milimita 16, wenye ncha ya mviringo, ulionolewa na fundi. Aongeze mkanda wa ngozi na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Kinoo kisubiri. Anayesafiri kwa ndege kutoka Pemba akumbuke kuviweka katika mzigo mkubwa, kwani wembe wa kukunja hauruhusiwi ndani ya ndege pamoja na abiria.

Fedha zikipungua, anayeanza aanze kupunguza brashi na kioo, maana povu laweza kupatikana kwa vidole, na uso waweza kuonekana hata katika kioo cha jirani. Makali safi asiyapunguze, wala wembe wake asimwazime mtu. Rafiki wa kweli akija kuomba wembe, apewe nusu mpya ambayo bado imo ndani ya karatasi.